Omnibus Press
Omnibus Press ni kampuni ya uchapishaji ya London, Uingereza, inayotoa hasa vitabu kuhusu muziki wa roki na pop. Ilianzishwa mwaka 1972 chini ya Music Sales, wauzaji wa nota za nyimbo. Chris Charlesworth, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Melody Maker, alishika uhariri mwaka 1983. Vitabu vya picha vya kuwafurahisha mashabiki viliendelea kutoka, lakini sifa ya kampuni imejengwa na wasifu mnene. Kitabu cha Johnny Rogan kuhusu wanamuziki Morrissey na Marr (1992) kilimkera Morrissey mwenyewe hata akamwapiza mwandishi hadharani. Cha Tony Fletcher (1998) kinamhusu Keith Moon, mpiga dramu wa bendi ya The Who. Music Sales, sasa Wise Music Group, iliuza biashara ya nota zilizochapwa mwaka 2018 ikabaki na Omnibus.