Kompyuta ya injini: Kuirekebisha bila kuua gari

INJINI ya petroli ya kisasa huongozwa na kompyuta ndogo, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi. Kazi zake kubwa ni mbili: kupima petroli inayoingia katika kila silinda, na kuamua wakati wa plagi kutoa cheche.

Mfumo wa kompyuta moja kuongoza yote mawili uliletwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1979, katika gari aina ya BMW 732i.

Ndani ya kompyuta hiyo mna majedwali ya tarakimu. Husoma mzunguko wa injini na wingi wa hewa, hutazama jedwali, kisha hutoa amri. Kuirekebisha ni kubadili tarakimu hizo.

Katika mwendo wa kawaida, uwiano unaotakiwa ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, injini yenye turbo huhitaji petroli zaidi, aghalabu sehemu 11 hadi 12 za hewa kwa moja, kwa kuwa ziada hiyo huipoza silinda. Fundi anayeipunguza hapo ili kubana matumizi huhatarisha pistoni.

Cheche nayo hutolewa kabla pistoni haijafika juu. Ikiwahi mno, sehemu ya mchanganyiko ambayo haijafikiwa na moto hulipuka yenyewe, na injini husikika ikigonga. Kihisi kikiung'amua mlio huo, kompyuta huchelewesha cheche na nguvu hupungua. Hali hiyo ikizidi, pistoni hupasuka.

Hapo ndipo penye taabu kwa magari ya turbo yaliyotumika Japani, yakiwamo ya Subaru yanayopendwa mno Nairobi na Dar es Salaam. Mengi yake yalitengenezewa petroli ya daraja la juu ya kwao, yenye oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya Kenya na Tanzania haifikii hapo. Kwa hiyo rekebisho la kwanza huwa kuchelewesha cheche na kupunguza msukumo wa turbo, jambo ambalo mteja aliyetaka mbio halifurahii.

Mwinuko wa nchi nao una neno. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Gari lililopimwa Nairobi pekee, likiwa halijagonga hata mara moja, laweza kuanza kugonga likiteremka pwani penye hewa nzito na joto.

Kwa sababu hiyo, faili iliyonakiliwa kutoka gari jingine, au kupakuliwa kwenye intaneti, haifai kuaminiwa. Fundi makini hupima gari lenyewe kwa kihisi cha oksijeni chenye upeo mpana, kwani kile cha kiwandani katika magari mengi ya zamani hakisomi vyema mchanganyiko wenye petroli nyingi.

Injini isiyo na turbo hunufaika kidogo tu. Gharama yake mara nyingi haistahili.

Kabla ya yote, pampu ya petroli, plagi, mivujo ya hewa na mgandamizo wa silinda vikaguliwe, kwani tarakimu haziponyi pampu iliyochoka. Programu ya asili nayo inakiliwe na kukabidhiwa mwenye gari.