Msimbo, Jina na Mamlaka: Mgawanyiko wa Mradi wa Mambo wa Mwaka 2005 katika Historia ya Uchaguzi wa Mifumo ya Kusimamia Maudhui

Taasisi inayochagua mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti huanza, kwa kawaida, na sifa zinazoonekana kwa macho: urahisi wa kuandika na kuchapisha, wingi wa violezo na programu nyongeza, gharama ya seva, na idadi ya mafundi wanaoufahamu mfumo huo. Ni sifa za kweli, na hakuna mchaguzi makini anayeweza kuzipuuza. Hata hivyo, tukio la Agosti 2005 lililougawa mradi wa Mambo na kuzaa Joomla linaonyesha kwamba sifa iliyokuja kuwa na uzito mkubwa kuliko zote haikuwamo katika orodha hiyo. Suala lilikuwa ni nani anamiliki hakimiliki ya msimbo, nani anamiliki jina, na nani ana mamlaka ya kuamua mwelekeo wa mradi. Makala hii inalichunguza tukio hilo kwa mtazamo wa wale waliokuwa wamekwisha kuchagua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kurasa nyingi za tovuti ziliandikwa moja moja kwa HTML na kupandishwa kwenye seva na fundi. Kusahihisha tarehe ya mkutano kulimhitaji fundi huyo. Kuongeza kipengele kimoja katika menyu kulidai kuhariri kila ukurasa uliobeba menyu hiyo. Mifumo ya kusimamia maudhui iliondoa adha hii kwa kutenganisha vitu viwili: maandishi yaliwekwa katika hifadhidata, na sura ya ukurasa ikawekwa katika kiolezo, kisha ukurasa ukajengwa pale msomaji anapouomba. Lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL, ambazo zilipatikana hata kwa wapangishaji wa tovuti wa bei nafuu, ziliifanya teknolojia hii ifikiwe na vyama, shule na biashara ndogo. Drupal ya Dries Buytaert ilitolewa kama programu huria Januari 2001. WordPress ya Matt Mullenweg na Mike Little, iliyokuzwa kutokana na msimbo wa b2 wa Michel Valdrighi, ilitoka Mei 2003.

Dalili ya kwanza kwamba leseni inaweza kuwa nzito kuliko sifa za kiufundi ilionekana Mei 2004. Movable Type, mfumo uliopendwa sana na waandishi wa shajara za mtandaoni, ulitoa toleo la 3.0 likiwa na masharti mapya yaliyoweka mipaka kwa wale wasiolipia. Mfumo wenyewe haukuwa umeharibika. Pamoja na hayo, watumiaji wengi walihamia WordPress, ambayo wakati huo ilikuwa changa na yenye uwezo mdogo kuliko ule walioukimbia.

Mambo ilizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 2000, katika kampuni ya Miro, ikiwa bidhaa ya kibiashara isiyo huria. Mwaka 2001 kampuni iliamua kutumia utaratibu wa leseni mbili, na toleo mojawapo likatolewa chini ya leseni ya GPL. Kuanzia hapo kazi kubwa ya kulikuza toleo huria ilifanywa na wasanidi programu wa kujitolea waliotawanyika katika nchi mbalimbali, ilhali jina na sehemu muhimu ya hakimiliki vilibaki kwa kampuni. Kwa miaka kadhaa hali hiyo haikumsumbua mtu. Mchaguzi wa mwaka 2003 aliyeisoma leseni aliona neno GPL, akaridhika kwamba programu ni huria, akaishia hapo. Hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi, kwa kuwa kampuni na wajitoleaji walikuwa wakivuta kamba upande mmoja.

Agosti 2005 kamba ilikatika. Kampuni ilisajili asasi iliyoitwa Mambo Foundation ili isimamie mradi. Tarehe 17 Agosti wasanidi wakuu walijitoa wote kwa pamoja na kutoa waraka wa wazi kwa jumuiya. Lalamiko lao lilihusu utaratibu zaidi ya teknolojia: walidai kwamba asasi hiyo iliundwa bila kuwashirikisha, kwamba muundo wake uliikabidhi kampuni udhibiti, na kwamba ahadi ya kuihamishia asasi hakimiliki haikutimizwa. Walikuwa wametafuta ushauri wa kisheria kutoka Software Freedom Law Center ya New York.

Ingekuwa kosa la kihistoria kuisoma kampuni hii kama mvamizi wa mali ya umma. Ndiyo iliyogharimia mwanzo wa programu, na ndiyo iliyoamua kuifungua wakati ambapo haikulazimishwa na yeyote. Kwa upande wake, asasi yenye bodi na usajili ilikuwa njia ya kuupa mradi uliokua haraka umbo la kisheria. Tatizo lilikuwa kwamba pande mbili zilichangia vitu viwili tofauti, moja mtaji na jina, nyingine kazi ya miaka, na hakukuwa na hati iliyosema michango hiyo ingepimwaje siku ya kutofautiana.

Katika ombwe hilo GPL iliamua nusu ya shauri. Leseni hiyo humruhusu yeyote kuunakili msimbo, kuubadilisha na kuusambaza, ilimradi naye atumie masharti yaleyale. Kwa hiyo wasanidi waliojitoa walikuwa na haki kamili ya kuondoka na kila mstari wa msimbo waliouandika, na hata wa wale waliobaki. Nusu ya pili haikuguswa. GPL ya wakati huo haikusema lolote kuhusu alama ya biashara, na hivyo jina la Mambo lilibaki lilipokuwa. Msimbo ulikuwa huru. Jina halikuwa huru. Walioondoka walikuwa na programu kamili iliyokuwa ikiendesha tovuti nyingi duniani, lakini hawakuwa na neno la kuiitia.

Jina walilolipata lina mvuto wa pekee kwa msomaji wa Kiswahili. Tarehe 1 Septemba 2005 mradi ulitangaza jina Joomla, ambalo ni neno la Kiswahili “jumla” lililoandikwa kwa tahajia inayomwezesha msemaji wa Kiingereza kulitamka. Maana iliyotajwa ni “wote kwa pamoja”. Neno lenyewe lilifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika matumizi ya kila siku Afrika Mashariki linakutwa zaidi katika hesabu na katika vibao vya maduka yanayouza kwa jumla na rejareja. Waliolichagua walilitwaa kwa maana ya umoja, na kwa kundi lililotoka kulalamika kwamba halikushirikishwa, uteuzi huo ulikuwa pia tamko la kisiasa. Umiliki wa jina jipya uliwekwa kwa Open Source Matters, asasi isiyo ya faida iliyosajiliwa New York. Somo la alama ya biashara lilikuwa limeeleweka.

Kwa msimamizi wa tovuti aliyekuwa akitumia Mambo, swali la vuli ile lilikuwa la ajabu: achague kati ya programu mbili zilizo karibu sawa. Joomla 1.0, iliyotoka Septemba 2005, ilikuwa kimsingi Mambo 4.5.2 yenye jina jipya na marekebisho machache. Violezo vilifanya kazi kotekote, na hifadhidata ilihamishika bila taabu kubwa. Ulinganisho wa sifa, ambao ndio msingi wa miongozo mingi ya uchaguzi, haukuweza kumsaidia hapa hata kidogo. Alichoweza kulinganisha ni watu: wapi wako walioandika msimbo, na wapi liko jina. Wengi waliwafuata watu.

Dirisha hilo halikukaa wazi muda mrefu. Joomla 1.5, iliyotolewa Januari 2008, ilikuwa imeandikwa upya kwa kiasi kikubwa, na programu nyongeza za zamani ziliweza kufanya kazi ndani yake kwa msaada tu wa kiungo maalumu kilichoiga mazingira ya 1.0. Mambo ilitoa toleo lake la mwisho, 4.6.5, mwaka huohuo. Aliyeahirisha uamuzi kwa miaka mitatu alikuta kwamba uhamisho ambao mwaka 2005 ungekuwa kazi ndogo umekuwa ujenzi mpya.

Lakini ushahidi wa miaka iliyofuata hauruhusu kuandika kwamba waliowafuata wasanidi waliepuka gharama. Mwaka 2007 uongozi wa Joomla ulitangaza kwamba utasimamia GPL kwa ukali zaidi kuhusiana na programu nyongeza, jambo lililowakera wauzaji wa nyongeza zilizofungwa. Na kuanzia 2009 saraka rasmi ya mradi ilipokea zile tu zenye leseni hiyo. Mamlaka yalikuwa sasa mikononi mwa jumuiya, nayo yaliwafunga baadhi ya wanajumuiya. Toleo la 1.6 la Januari 2011 lilileta utaratibu mpya wa ruhusa za watumiaji uliokuwa ukisubiriwa kwa muda mrefu, na wakati huohuo likaondoa kile kiungo cha kuiga mazingira ya zamani. Kutoka 1.5 hadi 2.5, iliyotoka Januari 2012, hakukuwa na kitufe cha kusasisha: maudhui yalipaswa kuhamishwa, violezo kuandikwa upya, na kila nyongeza ambayo mtunzi wake alikuwa amekwisha kuiacha ilibidi itafutiwe mbadala. Tovuti nyingi zilibaki katika 1.5 hata baada ya msaada wake kukoma mwaka 2012, zikiwa na msimbo ulio huru kabisa kisheria na usio na mtu wa kuuziba nyufa.