Moyo wa Mtoto na Damu ya Mzazi

Katibu ameniomba niandike historia. Ile ya sanduku letu, hisa za kwanza na funguo tatu, mweka hazina ameshaieleza vizuri katika kurasa zilizotangulia, sina la kuongeza. Mimi nitaeleza historia ya upasuaji wa moyo wa watoto, na mliotaka habari za riba mtanisamehe. Mwenzetu mmoja, ambaye kwa ombi lake simtaji jina, ana mtoto wa miaka miwili na nusu anayesubiri kupasuliwa moyo. Kila kikao mnaniuliza: hivi ni kweli moyo unasimamishwa? Ukisimama si ndio basi tena? Nani alithubutu wa kwanza?

Mtoto huyu alizaliwa na tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Sehemu ya damu inayotakiwa kwenda mwilini inavuja na kurudi mapafuni. Ndiyo maana alikuwa akinyonya anatoka jasho, anaachia ziwa na kuhema, kilo haziongezeki, na nimonia haimwishi. Mtaani kwetu mnajua mtoto wa namna hiyo anavyoitwa. Wakasema amebemendwa. Mama akasemwa, baba akasemwa, nusura ndoa ivunjike. Jamani, tundu la moyo mtoto huzaliwa nalo, halihusiani hata kidogo na baba alilala wapi. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baadhi ya waliosema wamo humuhumu kikundini.

Zamani mtoto kama huyu hakuwa na pa kupelekwa, hata huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1938 mjini Boston, daktari Robert Gross alifunga mshipa uliobaki wazi karibu na moyo wa mtoto. Mwaka 1944 mjini Baltimore, Alfred Blalock na mama daktari Helen Taussig waliunganisha mishipa ya mtoto aliyekuwa akigeuka bluu kwa kukosa hewa. Nyuma ya Blalock alisimama Vivien Thomas, fundi wa maabara, mtu mweusi asiye na digrii, akimwelekeza, kwa kuwa ndiye aliyeijaribu njia hiyo kwa mbwa. Lakini kazi zote hizo zilikuwa nje ya moyo. Kuingia ndani kulihitaji damu isipite mle kwa muda, na ubongo ukikosa damu dakika chache tu unaharibika.

Mwaka 1953 mjini Philadelphia, John Gibbon alifanikiwa kumpasua msichana wa miaka 18 kwa kutumia mashine iliyoshika kazi ya moyo na mapafu. Wagonjwa waliofuata wakafa, naye akaiacha.

Hapo ndipo alipojitokeza Walton Lillehei wa Minnesota. Yeye na wenzake waliwaza jambo ambalo sisi akina mama tunalielewa haraka. Mtoto akiwa tumboni hapumui, mama ndiye anayempumulia. Basi kwa nini mtu mzima asimpumulie mtoto juu ya meza ya upasuaji? Tarehe 26 Machi 1954 walimlaza mtoto wa kama mwaka mmoja meza moja, na baba yake meza ya pili. Kwa mirija ya plastiki na pampu ndogo, damu ya mtoto ikaenda kwa baba ikapate hewa, na damu safi ya baba ikaja kwa mtoto. Kwa dakika 19 baba alikuwa ndiye moyo na mapafu ya mwanawe, huku daktari akishona lile tundu.

Wazazi hao walikuwa wameshazika binti kwa ugonjwa uleule. Waliambiwa wazi kwamba safari hii anaweza kufa mtoto na baba pia, maana huu ulikuwa upasuaji unaoweza kuua wawili kwa mpigo. Wakakubali. Tundu lilizibwa barabara, lakini baada ya siku 11 mtoto alifariki kwa nimonia.

Nimejiuliza sana iwapo walijuta. Ninachojua ni kwamba wazazi wengine walikuja baada yao. Hadi katikati ya 1955 njia hiyo ilitumika kwa wagonjwa 45, na 28 kati yao walitoka hospitali wakiwa hai. Kati ya waliojitolea damu hakufa hata mmoja, ila mama mmoja aliharibika ubongo. Mwaka huohuo wa 1955 Richard DeWall, aliyekuwa akifanya kazi na Lillehei, alitengeneza kifaa rahisi cha kutia hewa kwenye damu, kwa mrija wa plastiki wa aina iliyotumika viwandani kupitishia maziwa na mayonezi. Tangu hapo mzazi akaweza kungoja nje.

Kwetu Tanzania watoto wengi walipelekwa India, na wengine walikufa wakisubiri zamu. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Kwa hiyo ndiyo, moyo unasimamishwa, mashine inashika zamu, kisha unaamshwa.

Wapo wanaomshauri mwenzetu asubiri mtoto akue kwanza. Ni kweli matundu madogo mara nyingi huziba yenyewe. Lakini kubwa kama hili likiachwa, mapafu huharibika kwa wingi wa damu, na yakishaharibika kabisa daktari hapasui tena. Baba wa mtoto alikuwa mgumu. Alikubali baada ya bibi wa mtoto kumwambia, "Mwanangu, unangoja apone au unangoja umzike?"

Mfuko wetu wa jamii umetoa nauli, chakula na matumizi ya anayemlinda. Fedha ya upasuaji wenyewe familia imepata kwa bima na kwa kuuza kiwanja. Kilichobaki ni damu, kwa kuwa ndugu wanaombwa kuchangia. Anayetaka awe na miaka 18 hadi 65 na kilo zisizopungua 50. Mwenye mimba na anayenyonyesha wasije. Kwa wanawake ni lazima iwe imepita miezi minne tangu kutoa mara ya mwisho, waume zetu mitatu. Majina anaandika katibu, na hadi naandika haya wamefika tisa.