Rauta ya akiba: ofisi ibaki hewani njia moja ikikatika

Mei 12, 2024 intaneti ilikatika au kupungua kasi Tanzania na nchi jirani, baada ya mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, kupata hitilafu siku moja. Somo lake linaihusu hata ofisi ndogo ya Vuga: njia mbili hazisaidii kama zote zinaweza kukatika pamoja.

Rauta na swichi ni nini?

Rauta ni kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti. Swichi ni kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kompyuta na rauta hiyo. Zahanati, shule au ushirika ukitegemea rauta moja, siku ikizima malipo ya mtandaoni hayapiti, na mtu aliyepanda mlima kwa miguu huambiwa arudi kesho.

Rauta ya akiba hufanyaje kazi?

Rauta mbili huchomekwa kwenye swichi na kupewa anwani moja ya pamoja. Kompyuta zinaijua anwani hiyo tu. Utaratibu unaotumika sana huitwa VRRP, na ulitangazwa mwaka 1998. Kila rauta hupewa namba ya cheo, kwa mfano 120 kwa rauta kuu na 100 kwa ya akiba. Kwa kawaida rauta kuu hutuma ishara kila sekunde moja. Ya akiba ikikosa ishara kwa zaidi kidogo ya sekunde tatu, hushika kazi yenyewe bila mtu kugusa waya.

Mambo ya kumuuliza fundi

1. Je, njia ni tofauti kweli? Laini za kampuni mbili za simu zinaweza kutegemea mnara mmoja.

2. Je, umeme ni tofauti? Rauta mbili kwenye soketi moja huzima pamoja. Angalau moja, pamoja na swichi, ziwe na betri.

3. Je, rauta zote na kompyuta zimewekwa kundi moja ndani ya swichi? Zikitenganishwa, ishara hazifiki.

4. Je, rauta kuu inafuatilia waya wake wa nje? Waya huo ukikatika na rauta ikabaki hai, itaendelea kutuma ishara, na ya akiba haitaamka. Fundi aipange ijishushe cheo, kwa mfano kutoka 120 hadi 90.

5. Je, swichi nyingine ipo? Swichi yenyewe ikiungua, rauta zote mbili hazina kazi.

Jaribu kabla ya shida

Siku isiyo na foleni, zima rauta kuu, uone kama kazi inaendelea. Iwashe, kisha chomoa waya wake wa nje tu, uone tena. Ukiwa mjumbe wa kamati ya zahanati au ushirika, omba majaribio hayo mawili yafanyike mbele yako kabla fundi hajalipwa.