Ngurumo mbili za Ol Doinyo Lengai

Mimi ni Mwiraqw wa Karatu. Kwetu mvua ni ya Looaa, mama aliye jua, na tulichofundishwa kuogopa utotoni ni chemchemi, wanakokaa pepo waitwao Netlangw. Kusikiliza radi nilifundishwa na mzee wa Kimasai aliyechunga karibu na shamba letu. Ikipasuka juu ya paa, alisema, huyo ni Enkai Nanyokie, Mungu Mwekundu, anataka kushuka awaue watu. Ule mngurumo wa mbali, mzito na wa taratibu, ni Enkai Narok, Mungu Mweusi mwenye mvua, anamsihi mwenzake awaache. Mwandishi Hollis aliiandika simulizi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamasai, lakini mimi namshukuru yule mzee.

Makao ya Enkai ni Ol Doinyo Lengai, wilayani Ngorongoro, mlima wa karibu mita 2,960. Asubuhi ya hewa safi unauona wote kutoka ukingo wa Empakaai. Wazee hupeleka kondoo wa sadaka, na wanawake waliokosa watoto huenda kuomba uzazi. Hakuna jengo la ibada. Kule Kyoto, Japani, mbele ya hekalu la Kishinto la Kamigamo, hujengwa vichuguu viwili vya mchanga vyenye ncha, mfano wa mlima ambako mungu wa radi alishukia. Wamasai hawakuhitaji mfano: wao husali mbele ya mlima wenyewe, nao hunguruma.

Lava ya aina yake haitoki katika volkano nyingine yoyote iliyo hai duniani. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, kama nusu tu ya lava ya kawaida, kwa hiyo mchana hutiririka nyeusi kama tope, na usiku huwaka wekundu hafifu. Sidai kwamba Miungu wale wawili walizaliwa hapo. Ila kila nikifikiria rangi hizo mbili mwili hunisisimka.

Mlima ulilipuka mwaka 1917, 1940, 1966 na tena 2007, majivu yakaangukia malisho. Miaka hiyo imeandikwa vizuri. Sala za nyakati hizo hazikuandikwa hivyo, na jambo hilo linaniuma. Wazee walioyaona majivu ya 1966 wanazidi kupungua. Waulizwe sasa: nani aliongoza sala, kondoo alichaguliwaje, na mvua ilikuja baada ya muda gani.