Maji ya Ruvubu na Umeme wa Rusumo

Atazamaye kutoka angani, baina ya Gitega na Muyinga, huona vilima visivyohesabika, migomba ikiwa imezunguka makazi ya watu, na mabondeni mto Ruvubu ukipindapinda kuelekea kaskazini-mashariki. Maji hayo huungana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania.

Kwa muda mrefu nguvu ya maji hayo ilipotea bure. Bujumbura ilipata umeme wa Ruzizi, kutoka kituo kilichojengwa na Wabelgiji karibu na Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wananchi wa vilimani walibaki na kuni na koroboi. Katika miaka ya 1980 ndipo vilipojengwa vituo vidogo, kama Ruvyironza mkoani Gitega na Kayenzi mkoani Muyinga, na kile kikubwa zaidi cha Rwegura, chenye megawati 18, mwaka 1986.

Lakini shabaha ya Rusumo ilikwisha kuwekwa. Mwezi Agosti 1977 Burundi, Rwanda na Tanzania ziliunda Shirika la Bonde la Mto Kagera. Uganda ikajiunga mwaka 1981. Umeme wa Rusumo ulikuwa miongoni mwa kazi zake kuu. Fedha zilichelewa, kisha bunduki zikalia: Rwanda mwaka 1990, Burundi mwaka 1993. Shirika lilivunjwa mwaka 2004 pasipo kuwasha hata taa moja ya Rusumo.

Ujenzi ulianza mwaka 2017, miaka 40 baada ya mkataba ule. Kituo kina mashine tatu za megawati 80 kwa jumla, zigawanywazo sawa kwa nchi tatu. Na njia ya kilovolti 220 ilipangwa kufika Gitega kupitia Muyinga.

Askari na polisi hawana budi kulizingatia fundisho hili. Maji hayakukauka katika miaka hiyo 40, wala maporomoko hayakuhama. Kilichokosekana zaidi ni amani, kwani hakuna akopeshaye fedha zake mahali pa risasi. Tena nguzo za umeme huvuka vilima vingi, na haiwezekani kuweka mlinzi chini ya kila moja. Hulindwa na mwananchi aishiye jirani nazo, iwapo anamwamini askari wake, na iwapo taa hiyo inawaka nyumbani kwake pia.