Uotaji: Mbegu ya Pilipili Huota Lini Hasa?

Geuza pakiti ya mbegu za pilipili hoho uliyonunua duka la pembejeo, utakuta neno uotaji na mbele yake asilimia, tuseme 85. Wanunuzi wengi huisoma kama ahadi: nikisia mbegu 100, nitavuna miche 85. Siku ya kumi kitalu bado ni udongo mtupu, na neno feki linaanza kutajwa. Mbegu feki zipo, na anayeziuza humwibia mkulima msimu mzima. Lakini malalamiko mengi hayatokani na wizi. Yanatokana na watu watatu wanaotumia neno moja kwa mambo matatu tofauti.

Kwa mwanabiolojia, uotaji huanza pale mbegu kavu inapofyonza maji na kuvimba, na huisha mara tu ncha ya mzizi inapotoboa ganda. Yanayofuata ni ukuaji wa mche, habari nyingine. Mpimaji wa maabara husubiri zaidi. Kwa kanuni za ISTA, jumuiya ya kimataifa ya upimaji wa mbegu iliyoanzishwa mwaka 1924, mbegu haihesabiwi kuwa imeota mpaka itoe mche uliokamilika, wenye mzizi na shina vinavyoonyesha kwamba utaweza kuendelea kukua. Mche uliopinda vibaya au usio na mzizi hauingizwi kwenye asilimia. Kwa mbegu za pilipili, maabara huhesabu mara ya kwanza siku ya 7 na ya mwisho siku ya 14, katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 20 na 30. Mkulima naye ana kipimo chake: kilichoota ni kile anachokiona juu ya udongo.

Jambo hilo la tatu lina kitenzi chake, nacho ni kuchomoza. Ningependa maafisa ugani na waandishi wa vitabu vya kilimo wakitumie bila kusita: mbegu imeota, mche umechomoza. Katikati ya matukio hayo mawili kuna sisimizi, kuna ukoko wa udongo uliokauka juu, kuna mbegu iliyofukiwa chini mno, kuna aliyemwagilia asubuhi, mchana na jioni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopimwa na asilimia ya kwenye pakiti. Kuchipua ningekiachia kisiki, kiazi na tawi lililokatwa, ingawa katika mazungumzo watu hukichanganya na kuota na wakaelewana vizuri tu.

Kumea ni pana zaidi, na humo ndimo mlimo hazina yetu kubwa ya maarifa ya uotaji wa nyumbani. Anayetengeneza kimea cha ulezi huloweka nafaka usiku kucha, huchuja maji, kisha huifunika kwa gunia lenye unyevu au majani ya mgomba mahali penye joto. Huinyunyizia maji na kuigeuzageuza mpaka vizizi vyeupe vitokeze, halafu huianika juani ili kazi isimame hapo hapo. Ndani ya punje vimeng'enya vimeshaanza kuuvunja wanga kuwa sukari. Ndiyo maana kijiko cha unga wa kimea hulainisha uji mzito ukanyweka bila kuongezwa maji, jambo ambalo wataalamu wa lishe nchini Tanzania walilihimiza miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto wadogo. Wakulima wa mpunga nao huloweka mbegu kwa siku moja, kisha huzivundika guniani siku moja au mbili kabla ya kuzimwaga kitaluni. Kuvundika, kitenzi kile kile cha ndizi. Mtu anayelaza mbegu za pilipili ndani ya karatasi yenye unyevu juu ya friji anavundika mbegu, na sioni haja ya kumbunia istilahi ndefu yenye maneno manne.

Pilipili hufaidika na kuvundikwa kuliko mboga nyingi. Kiinitete chake kimejikunja ndani ya akiba ngumu ya chakula, na mzizi mchanga hauna nguvu ya kuisukuma na kupita. Ni lazima kwanza vimeng'enya vilainishe sehemu iliyo mbele ya ncha yake, na kazi hiyo hutegemea joto. Kati ya nyuzi 25 na 30 pilipili hoho huota ndani ya wiki moja hadi mbili. Pilipili mbuzi huweza kuchukua wiki tatu. Chini ya nyuzi 15 kazi karibu husimama. Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kusia moja kwa moja na mambo yakaenda, ila aliye Njombe, Lushoto au Limuru, ambako usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli, asipozitafutia mbegu zake joto atangoja mpaka zioze.

Joto lenyewe halihitaji mtambo. Loweka mbegu usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu. Usizidishe siku nzima, kwa sababu mbegu inapumua, na ikikaa chini ya maji muda mrefu hukosa oksijeni. Chukua kitambaa cha pamba au karatasi laini ya jikoni, kilowanishe, kikamue mpaka kisidondoshe. Panga mbegu zisigusane, kunja, weka ndani ya kopo la chakula lenye mfuniko usiokazwa. Juu ya friji panafaa. Rafu iliyo karibu na jiko inafaa pia, mradi mkono usikie uvuguvugu tu. Fungua kila siku zipate hewa, na kitambaa kikianza kukauka kinyunyizie. Pilipili haihitaji mwanga ili iote, kwa hiyo giza la kopo haliidhuru.

Ndani ya siku mbili mbegu zitakuwa zimenenepa. Kisha hakuna kinachoonekana kwa siku kadhaa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakamwaga kila kitu, ilhali huo ndio muda wa kazi yenyewe. Itazame mbegu karibu: ni bapa, na ukingoni ina kijipembe mahali iliposhikana na tunda. Kando ya kijipembe hicho ndipo itatokeza nukta nyeupe isiyozidi kichwa cha pini, na kesho yake itakuwa imerefuka na kuanza kupinda kuelekea chini. Ihamishe kwa ncha ya kijiti kilicholowa kabla mzizi haujafika sentimita moja au haujajisokota kwenye nyuzi za kitambaa. Ifukie kwenye kiriba nusu sentimita hadi sentimita moja, bila kushindilia. Baadhi ya miche itachomoza huku ganda limeng'ang'ania majani ya kwanza. Dondoshea maji na usubiri, kwa maana ukilivuta utang'oa majani pamoja nalo.

Kopo hilo hilo linatosha kuamua ugomvi wa pakiti. Vundika mbegu 20 kutoka pakiti uliyoitilia shaka. Zikitoa mizizi 17, tatizo liko kitaluni. Zikitoa 6, umepata ushahidi wa kumrudishia muuzaji, na kwa Tanzania kupeleka malalamiko kwa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Mche ukishachomoza, adui wake mkubwa ni kinyausi. Vimelea vya fangasi hushambulia shina usawa wa udongo, likalainika na kusinyaa, na mche uliosimama wima jioni unakutwa umeanguka asubuhi. Maji mengi, msongamano na udongo wa kitalu kilichougua msimu uliopita ndivyo vinavyomkaribisha. Mwagilia asubuhi, acha uso wa udongo ukauke kidogo, na ondoa matandazo ya nyasi mara miche inapoonekana.

Si kila mbegu inataka huduma ya pilipili. Bamia ina ganda gumu na hufurahia kulowekwa usiku kucha. Lusina huhitaji kumiminiwa maji ya moto na kuachwa humo mpaka yapoe. Maharage makavu ukiyaloweka kwa muda mrefu hufyonza maji kwa pupa na kupasuka, na ni afadhali yaende shambani yakiwa makavu. Mbegu za papai na nyanya zimezungukwa na ute unaozuia kuota, kwa hiyo huoshwa na kusuguliwa, au huachwa zichache siku mbili, kabla ya kukaushwa. Saladi hupenda baridi: nyuzi zikipita 30 hugoma, na mkulima wa pwani humlaumu muuzaji bure.

Porini pilipili kichaa huoteshwa na ndege. Mwaka 2001 Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha katika jarida la Nature, kwa utafiti uliofanyika Arizona, kwamba mbegu zilizopita tumboni mwa ndege ziliota, lakini zilizoliwa na panya hazikuota. Panya huwashwa na ukali wa pilipili, ndege hausikii kabisa.

Jina, hata hivyo, lisikudanganye. Pilipili manga haina undugu na hoho wala mbuzi wala kichaa, na punje za dukani usizivundike. Huvunwa kabla hazijaiva na kukaushwa, na mbegu ya mmea huo ikikauka hivyo hufa. Wakulima wa Muheza na Zanzibar hukata vipande vya mti wake unaotambaa, wakavipanda kandokando ya mti wa kuegemea.